Mkono Usitangulie Swali: Ukandaji wa Kina na Nafasi Yake katika Fiziotherapia

Miaka kadhaa iliyopita nilimpokea katika chumba cha fiziotherapia fundi mwashi wa makamo aliyekuwa akiumwa mgongo kwa miezi mitatu. Karatasi yake ya rufaa ilikuwa na maneno machache tu: maumivu ya mgongo, apewe fiziotherapia. Nilimgusa, nikakuta misuli ya pande zote mbili za uti wa mgongo imekaza kama kamba iliyovutwa. Yeye mwenyewe aliniambia, "Dokta, nikande hasa, mpaka ufike kwenye mfupa. Dawa ya moto ni moto." Nilimkanda. Nilitumia vidole gumba, kisha kiwiko, kwa nusu saa nzima, na aliposhuka kitandani alijinyoosha na kunishukuru. Alirudi baada ya siku tatu, maumivu yakiwa yale yale, nami nikamkanda tena. Tuliendelea hivyo kwa wiki tatu.

Wiki ya nne nilikuwa likizo, na mgonjwa akapokelewa na mwenzangu aliyekuwa mgeni kazini. Kabla ya kumgusa alimpima uzito. Kisha alimwuliza mambo matatu: kama nguo zake zimeanza kumpwaya, kama huamka usiku akiwa ametota jasho, na kama maumivu humwacha anapolala. Majibu hayo yalimpeleka mgonjwa kwenye eksirei, na picha ikaonyesha pingili mbili za mgongo zilizoliwa. Kilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Misuli niliyokuwa nikipambana nayo haikuwa na ugonjwa wowote; ilikuwa imejikaza ili kuukinga mfupa uliokuwa ukibomoka. Mgonjwa alitibiwa akapona, lakini mgongo wake ulibaki na kibiongo kidogo. Siwezi kusema kwa hakika kwamba wiki zile tatu ndizo zilizompa kibiongo hicho. Ninachojua ni kwamba katika wiki hizo ugonjwa uliendelea kula mfupa huku mimi nikishukuriwa.

Nimeanza na kosa langu ili msomaji asidhani kwamba ninawanyooshea wengine kidole. Wala nia yangu si kuubeza ukandaji, kwani ninautumia hadi leo. Hoja yangu ni kwamba ukandaji wa kina una nafasi halali katika tiba, lakini nafasi hiyo ni ya katikati: hutanguliwa na uchunguzi na hufuatwa na mazoezi. Ukiondolewa kati ya mambo hayo mawili ukasimama peke yake, huwa starehe ghali kwa mgonjwa mwenye bahati, na hatari kwa asiye na bahati.

Tunazungumzia nini hasa

Kukanda na kuchua ni desturi ya kale katika jamii zetu. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto katika siku zake arobaini; mchezaji aliyeteguka mguu huchuliwa kwa mafuta; mzee aliyechoka humwita mjukuu amkanyage mgongoni. Ukandaji wa kina unatofautiana na hayo kwa shabaha na kwa namna. Mtaalamu hubonyeza polepole kwa kidole gumba, kwa vifundo vya vidole au kwa kiwiko, akivuka ngozi na mafuta ya juu mpaka auhisi ugumu wa misuli ya ndani. Kisha husukuma kwa kufuata nyuzi za misuli hiyo au kwa kuzikata kwa upande. Sehemu zinazokandwa zaidi ni shingo, mabega, mgongo, makalio na mashavu ya miguu.

Fiziotherapia yenyewe ilichipuka kwenye ukandaji. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa London walianzisha chama cha wakandaji wenye mafunzo, wakati ambapo jarida la madaktari wa Uingereza lilikuwa likifichua nyumba zilizotumia jina la ukandaji kuficha biashara ya ngono. Wanawake hao waliweka mitihani na kanuni za maadili, na chama chao ndicho kilichokuja kuwa Chartered Society of Physiotherapy. Tangu siku hiyo ya kwanza, kilichomtenga mkandaji wa taaluma na wengine hakikuwa nguvu za mikono yake. Kilikuwa ujuzi wa mwili, maadili na uwajibikaji.

Katika karne ya 20 daktari James Cyriax wa hospitali ya St Thomas's, London, aliueneza msuguano wa kina unaopita kwa upande juu ya nyuzi za kano. Wengi wetu tulifundishwa mbinu yake hiyo. Tunachosahau ni kwamba Cyriax alisifika vilevile kwa utaratibu wake wa kuchunguza viungo kwa hatua, akipima kila mwendo ili kujua ni sehemu ipi hasa yenye dosari kabla ya kuweka kidole. Tumerithi kidole chake tukaacha uchunguzi wake.

Je, ukandaji unasaidia?

Unasaidia, kwa kiasi na kwa muda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya chini ya mgongo mwaka 2020. Mwezi Desemba 2023 shirika hilo lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya aina hiyo yasiyotokana na ugonjwa mwingine. Mwongozo huo unautaja ukandaji miongoni mwa huduma zinazoweza kutolewa, lakini kwa masharti, kwa kuwa ushahidi wake ni dhaifu. Umeutaja pamoja na elimu kwa mgonjwa, mazoezi na msaada wa kisaikolojia, na haukuuweka mahali pa hivyo vyote.

Kwa nini mtu hupata nafuu mara tu anapokandwa? Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba ndani ya uti wa mgongo mna mfano wa lango linaloweza kupitisha au kuzuia taarifa za maumivu zinazokwenda kwenye ubongo, na kwamba hisi za mguso huchangia kulifunga lango hilo. Nadharia hiyo imerekebishwa mara nyingi tangu wakati huo, lakini wazo lake la msingi bado lina nguvu, na kila aliyejigonga goti akalisugua kwa kiganja amelithibitisha. Mguso huituliza mishipa ya fahamu, mishipa iliyotulia huilegeza misuli, na misuli iliyolegea huruhusu kiungo kitembee. Utulivu huo ni wa kweli, lakini aghalabu hudumu kwa saa au siku chache.

Kutokana na hayo, baadhi ya imani zetu hazina msingi. Ya kwanza ni kwamba ukandaji hutoa sumu mwilini. Kazi ya kuondoa taka za mwili hufanywa na ini, figo na mapafu, na hata asidi ya laktiki inayotokana na mazoezi makali huondolewa na mwili wenyewe ndani ya saa moja hivi. Ya pili ni kwamba kiwiko huvunjavunja mafundo na kunyoosha utando mgumu unaofunika misuli. Utando wa paja ni mgumu kiasi kwamba nguvu ya kuubadili umbo, hata kwa sehemu ndogo, ingekuwa kubwa kuliko mwili unavyoweza kustahimili. Fundo linalolegea chini ya kidole limelegezwa na mishipa ya fahamu, halikupondwa.

Imani ya tatu ndiyo yenye madhara zaidi, nayo ni ile ya fundi wangu: kwamba maumivu makali ya kukandwa ndiyo dalili ya tiba kufanya kazi. Ikiwa nafuu huletwa na mishipa iliyotulia, kumwumiza mtu mpaka akaze meno na kuzuia pumzi ni kuifukuza nafuu hiyo. Ngozi iliyovilia damu baada ya kukandwa ni jeraha, na mtoa huduma asiionyeshe kama ushahidi wa bidii yake.

Linganisha na mazoezi. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake nchini Sweden waliwachukua wagonjwa 15 waliokuwa na maumivu ya muda mrefu ya kano ya kisigino, wakawapa mazoezi ya kushusha kisigino polepole kwenye ukingo wa ngazi, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12. Wagonjwa hao walirudi kukimbia kama walivyokuwa kabla ya kuumia. Kundi hilo lilikuwa dogo, na tafiti za baadaye hazikuleta mafanikio makubwa kiasi hicho kwa kila mtu, lakini zilithibitisha jambo kuu: kano huimarika kwa kubebeshwa mzigo kidogo kidogo. Hakuna mkono wa mtu mwingine unaoweza kuibebea mzigo huo.

Pale ambapo mkono huwa hatari

Kuna hali ambazo ukandaji wa kina haufai kabisa, na kila mtoa huduma, wa hospitali au wa mtaani, anapaswa kuzijua kwa moyo.

Hali ya kwanza ni mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu kwenye shavu lake. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa wa ndani wa mguu. Donge hilo likisukumwa linaweza kung'oka, likapita moyoni na kuziba mshipa wa mapafu, na mtu akafariki katika dakika chache. Hatari hiyo huwa kubwa baada ya upasuaji, baada ya kulala kitandani kwa siku nyingi, kwa aliyefungwa plasta ngumu, kwa mgonjwa wa saratani, na kwa mwanamke katika wiki sita za kwanza baada ya kujifungua. Hapa nawaomba kwa heshima mama zetu na bibi zetu wanaokanda wazazi. Desturi yenu ina upendo ndani yake, na mwanamke aliyetoka leba anauhitaji upendo huo. Lakini kabla ya kumkanda miguu, iweke miguu yote miwili sawa na uitazame. Ukiona mmoja umenenepa kuliko mwenzake, usiuguse kwa nguvu. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Akibanwa na pumzi ghafla au kifua kikimchoma, usingoje hata saa moja.

Hali ya pili ni maumivu ya mgongo yanayofuatana na kupungua uzito, homa, jasho la usiku au maumivu yasiyopoa hata kwa kulala. Hayo huweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, maambukizi mengine au saratani. Aliyewahi kutibiwa saratani, anayeishi na virusi vya UKIMWI, aliyeishi na mgonjwa wa kifua kikuu, au anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, anahitaji kuchunguzwa mapema zaidi. Na yeyote anayeumwa mgongo akaanza kulegea miguu, kupata ganzi kati ya mapaja, au kushindwa kuzuia au kutoa haja, huyo ni wa dharura.

Hali ya tatu ni jeraha jipya. Msuli uliochanika au kugongwa uwanjani una damu iliyovuja ndani yake, na kuukanda kwa nguvu katika siku za mwanzo huongeza uvujaji huo. Kwenye paja lililogongwa, na hasa kwenye kiwiko kilichovunjika au kuteguka, ukandaji wa nguvu unaweza kuufanya mwili uote mfupa ndani ya msuli, na kiungo kikabaki kigumu. Wazazi wanaowapeleka watoto kuchuliwa kiwiko mara tu plasta inapotolewa wakumbuke jambo hili.

Tuwe waangalifu pia na wazee wenye mifupa dhaifu, watumiaji wa dawa za kuzuia damu kuganda, wenye kisukari ambao miguu yao imepoteza hisia, na sehemu ya mbele ya shingo, inakopita mishipa mikubwa ya damu. Mtoto mwenye selimundu aliyeshikwa na maumivu makali ya mifupa anahitaji kufikishwa hospitali. Kiwiko hakina kazi kwake.

Neno kwa watoa huduma

Wenzangu wengi watanijibu kwamba nayasema haya nikiwa mbali na foleni. Mgonjwa amelipa nauli, ameketi tangu alfajiri, na akiambiwa akafanye mazoezi nyumbani ataondoka akisema hakutibiwa. Anautaka mkono. Nalikubali hilo, kwa kuwa nimeliona mara nyingi. Mgonjwa asiyeguswa huona hakuchunguzwa, na mara nyingi huwa hakukosea. Fiziotherapia ya kugawa karatasi ya mazoezi bila kumgusa mtu ni kosa la upande wa pili, na siitetei.

Ninachopendekeza ni kugawa muda upya. Katika nusu saa, dakika kumi za kwanza ziwe za maswali, mizani na vipimo vya mwendo. Dakika kumi zinazofuata zinaweza kuwa za ukandaji, ikiwa hakuna kizuizi. Kumi za mwisho ziwe za mazoezi, mgonjwa akiyafanya mbele yako wakati misuli bado imelegea na woga umepungua. Hiyo ndiyo thamani kubwa ya ukandaji: unafungua nafasi fupi ambamo mtu aliyekuwa akiogopa kuinama anathubutu kuinama. Nafasi hiyo ikipita bila kutumika, tumemstarehesha mgonjwa, lakini hatujamtibu.

Pima pia kile unachodai kukibadili. Andika mikono yake inafika wapi anapoinama, anatembea umbali gani kabla ya kusimama, anaweza kuinua ndoo ya ukubwa gani. Vipimo hivyo visipobadilika baada ya mahudhurio matatu au manne, usiongeze nguvu za kiwiko. Rudi mwanzo, uliza upya, mshirikishe daktari. Nami kama ningefanya hivyo kwa fundi wangu, ningejishtukia wiki ya pili.

Kwa madaktari wanaotuandikia rufaa nina ombi dogo. Maneno "maumivu ya mgongo, apewe fiziotherapia" hayatutoshi. Tuandikieni mmeondoa uwezekano wa magonjwa gani na mna shaka na yapi. Nasi tunapowarudishia mgonjwa tukisema hafai kukandwa, msituone wavivu.

Neno kwa wagonjwa

Ndugu msomaji unayeumwa, una haki ya kukandwa na una haki ya kujua kwa nini unakandwa. Kabla hujalala kitandani, mweleze mtaalamu dawa unazotumia, operesheni ulizofanyiwa, kama una ujauzito au umejifungua karibuni, na kama umepungua uzito bila kutaka. Asipokuuliza, mwambie bila kuulizwa. Kabla ya kuvua nguo, elezwa ni sehemu gani itakayoguswa, na kama ungependa ndugu yako awepo chumbani, sema.

Wakati wa kukandwa, kipimo chako kiwe pumzi. Mbonyezo unaokuruhusu kuvuta na kutoa pumzi bila kujikaza unatosha. Ukijikuta umekunja ngumi, mwambie apunguze. Ukali kidogo wa misuli siku moja au mbili baadaye ni jambo la kawaida. Uvimbe, ganzi, udhaifu wa kiungo au maumivu yanayozidi si ya kawaida, na ni sababu ya kurudi mara moja.

Mwisho, usikubali kuondoka bila zoezi la kufanya nyumbani. Uliza: nifanye nini, mara ngapi, na nitajuaje kwamba ninaendelea vizuri? Mtaalamu anayekupa majibu ya maswali hayo anakutayarisha umwache. Anayekwambia tu uje kesho ukandwe tena, mwaka hadi mwaka, anakutayarisha umtegemee.

Fundi yule hunipita bado, na tunasalimiana. Hajawahi kunilaumu, pengine hajui kwamba kuna la kunilaumu. Aliporudi kwetu baada ya kumaliza dawa, tulimfundisha jinsi ya kuimarisha mgongo na kuinua mizigo, na mabega yake nikayakanda kidogo, kwa kuwa yalikuwa yamechoka na sasa nilijua hayakuwa yakificha kitu. Mwenzangu aliyemgundua hakuwa na mikono yenye nguvu kuliko yangu. Alikuwa na mizani na maswali matatu. Mizani ile sasa imewekwa mlangoni mwa chumba chetu, na hakuna anayefika kitandani kabla ya kuipanda.